Usipime taa ya babu kwa kilo

MSOMAJI, ukitoka Kisii ukielekea Migori na mpaka wa Isebania, gari litapita Rongo, kisha Awendo penye kiwanda cha sukari cha Sony, na muda mfupi kabla ya kuwasili mjini Migori litapita Uriri. Nimesema litapita kwa sababu matatu nyingi husimama hapo dakika mbili tu, abiria mmoja ashuke na mkungu wake wa ndizi kutoka Kisii, na safari iendelee. Dirishani utaona mashamba ya miwa, mahindi na tumbaku, trekta zikivuta miwa kuelekea Awendo, na vijana wa bodaboda wakingoja wateja chini ya mti. Hakuna bango lolote linalokualika ushuke.

Mimi nakushauri ushuke. Nyumbani mwa watu wa eneo hili la Kanyamkago kuna mali ambayo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huitafuta kwa hamu, huku wenyewe wameitupa darini pamoja na majembe yaliyovunjika mipini. Mali hiyo ni taa na majiko ya mafuta ya taa ya zamani: kandili, karabai, koroboi, na yale majiko ya shaba ya kupiga pampu.

Huenda ukacheka. Ni nani, utauliza, atakayepoteza Jumapili yake akitafuta taa iliyopata kutu? Lakini wapo watu wanaokusanya stempu, wapo wanaokusanya sarafu, na wapo, katika nchi nyingi, wanaokusanya taa na majiko ambayo babu zao walikwenda nayo safarini na kambini. Huzisugua, huzitengeneza, huziwasha mara moja moja na kusimuliana habari zake. Tofauti kati yao na sisi ni moja tu. Kwao taa hizi zilikuwa vyombo vya matembezi. Kwetu zilikuwa jua la usiku.

Zilivyofika

Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901. Kutoka hapo bidhaa zilipakiwa kwenye meli za Ziwa Victoria hadi bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay, kisha zikasambazwa bara na wafanyabiashara, wengi wao Wahindi waliofungua maduka katika kila kituo. Nguo, chumvi, sukari, sabuni, na debe la mafuta ya taa. Palipofika mafuta, taa nazo zilifuata.

Ya kwanza kwa wingi ilikuwa kandili, ambayo wengine huiita lantani: kioo cha mviringo, mkono wa waya wa kubebea, na mabomba mawili ubavuni yanayoteremsha hewa safi hadi kwenye utambi ili upepo usiuzime. Ufundi huo wa mabomba ulibuniwa Marekani katika karne ya 19, na majina kama Dietz ya New York na Feuerhand ya Ujerumani utayakuta yamegongwa kwenye bati hadi leo.

Ya pili ilikuwa karabai, taa ya wenye uwezo. Humo hamna utambi wa kawaida. Unajaza mafuta kwenye tangi, unamimina spiriti kidogo katika kikombe kilicho chini ya bomba, unaiwasha, unangoja bomba lipate moto, kisha unapiga pampu. Mafuta yanapanda, yanageuka mvuke, na mvuke huo unawaka ndani ya kifuko cheupe cha kitambaa hadi kinang'aa kama nyota. Kifuko hicho ni uvumbuzi wa Mwaustria Carl Auer von Welsbach, aliyepata hataza yake mwaka 1885. Kikishaunguzwa mara ya kwanza hubaki jivu tupu lenye umbo la kifuko, na mtoto akikigusa kwa kidole tu kimekwisha. Ndiyo maana karabai ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakumpa mtu.

Jiko la pampu ni ndugu ya karabai. Msweden Frans Wilhelm Lindqvist alilitengeneza mwaka 1892 mjini Stockholm na likaitwa Primus. Roald Amundsen alikuwa nalo alipofika Ncha ya Kusini mwaka 1911, na Edmund Hillary na Tenzing Norgay walikuwa nalo mlimani Everest mwaka 1953. Miaka hiyo hiyo jiko la namna hiyo lilikuwa likichemsha chai katika nyumba za walimu na makarani wa Nyanza Kusini.

Ya nne haikutoka ng'ambo. Ni koroboi, ambayo Wajaluo huiita nyangile: mkebe mtupu, kifuniko kilichotobolewa, kijibomba cha bati na kipande cha kitambaa kuwa utambi. Fundi wa sokoni aliilehemu huku ukimngoja. Haina kioo, haina jina, na moshi wake ulikuwa ukitia weusi puani mwa kila mtoto aliyeamka alfajiri kusoma.

Nyumba ya Mwalimu

Katika kijiji kimoja si mbali na barabara kuu anaishi mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Hakupenda jina lake liandikwe, na nimeheshimu ombi lake. Ana taa na majiko zaidi ya 30 katika chumba ambacho zamani kilikuwa cha wanawe. Zimepangwa juu ya mbao, kila moja ina namba iliyofungwa kwa uzi, na chini ya dirisha kuna daftari la shule lenye mistari, la aina ile ile aliyokuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Taa isiyo na maelezo siichukui," aliniambia. "Hata iwe ya dhahabu. Taa bila maelezo ni chuma."

Nilimwomba anisomee. Alivaa miwani, akafungua.

Namba 4 ni kandili iliyobonyea upande mmoja. Ilikuwa ya mkunga wa kijiji. Usiku mmoja wa mvua alianguka nayo kwenye kivuko cha kijito akienda kuzalisha. Kioo kilivunjika, akamalizia njia gizani. Mtoto alizaliwa salama, na miaka saba baadaye akaingia darasa la kwanza la Mwalimu huyu huyu.

Namba 11 ni jiko la shaba. Lilikuwa la msaidizi wa zahanati, na halikupika ugali hata siku moja. Kazi yake ilikuwa kuchemsha sindano, enzi ambazo sindano moja ilichemshwa ikatumika tena.

Namba 17 ni karabai ya kukodishwa. Mwenyewe alikuwa akiitwa kwenye makesha, harusi na matanga. Alikuja nayo ameipakata kama mtoto mchanga, akaketi kando yake usiku kucha, na kila ilipopunguza mwanga aliinuka akapiga pampu. Waombolezaji walimjua kwa mlio wa taa yake kabla hawajamwona.

Namba 22 ni koroboi ya mkebe wa mafuta ya kupikia. Kijana mmoja aliisomea mtihani wa CPE, ule uliofanywa kabla ya KCPE kuanza mwaka 1985. Alifaulu akaenda sekondari ya bweni. Namba 22 ndiyo duni kuliko zote chumbani, na ndiyo ambayo Mwalimu aliishika kwa mikono miwili.

Hapo nilielewa anachokifanya mzee huyu. Mkusanyaji wa kawaida hutafuta shaba inayong'aa na jina la kampuni. Mwalimu anatafuta usiku mmoja uliopita na mtu aliyekuwa macho ndani yake. Taa ni ushahidi wake.

Giza lilikwenda wapi?

Tusije tukadanganyana, msomaji. Hakuna anayelilia mafuta ya taa. Yaliunguza nyumba, yaliwaumiza watoto waliokunywa wakidhani ni maji kwa kuwa yaliwekwa kwenye chupa ya soda, na moshi wake ulidhuru vifua. Shirika la Afya Duniani, WHO, katika miongozo yake ya mwaka 2014, lilishauri mafuta hayo yasitumiwe nyumbani.

Tena Uriri ilikuwa jirani ya umeme kwa miaka mingi bila kuuonja. Katika mto Kuja, kwenye maporomoko ya Gogo, kulijengwa mitambo ya stima katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mgodi wa shaba na dhahabu wa Macalder. Mgodi ulipata mwanga. Vijiji vilivyoizunguka njia hiyo vikaendelea kununua mafuta kwa kipimo cha chupa.

Mambo yaligeuka kwa haraka baadaye. Kuanzia mwaka 2012 kampuni ya M-Kopa iliuza taa za sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Mwaka 2015 serikali ilianzisha mpango wa kufikisha stima vijijini, na ada ya kuunganishiwa ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Mnamo Septemba 2018 mafuta ya taa yalitozwa ada mpya ya shilingi 18 kwa lita, ili wahalifu wasiendelee kuyachanganya na dizeli. Bei ikapanda, na nyumba nyingi ambazo zilikuwa bado zikisitasita zikaiweka kandili darini.

Ziwani pia hali ni hiyo. Kutoka Migori barabara huteremka hadi Sori katika ghuba ya Karungu, na nyingine hadi Muhuru Bay. Huko ndiko karabai ilikopata kazi yake kubwa. Omena huvutwa na mwanga usiku usio na mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi walizielekeza karabai majini juu ya vielea, wakangoja samaki wajikusanye, kisha wakazungusha nyavu. Ukisimama ufuoni ulidhani kuna mji ng'ambo ya pili. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji taa za betri huko Mbita, katika ile ambayo sasa ni Kaunti ya Homa Bay, na tangu hapo taa za betri na sola zimeenea katika fuo nyingi. Mji ule wa majini bado upo, ila taa zake sasa hazitoi sauti.

Mizani ya vyuma vikuukuu

Ni vyema kwamba giza limeondoka. Lakini taa zenyewe ziliishia wapi? Nyingi ziliishia kwenye mizani.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu hupita na mkokoteni au baiskeli, na hununua kwa kilo. Kwake jiko la Primus ni shaba, na kandili ni bati lisilofikisha hata uzito. Rais Uhuru Kenyatta alipopiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 kwa sababu ya wizi wa vyuma vya nguzo za umeme, mizani ilinyamaza kwa miezi michache. Mwezi Mei mwaka huo huo ikaruhusiwa tena.

Nikiwa kwa Mwalimu aliingia mama mmoja mjane akiwa amefunga kitu kwa leso. Alipofungua, ilikuwa karabai kubwa, tangi lake limefifia kwa miaka ya maji ya ziwa. Marehemu mumewe aliivulia omena Karungu. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na mnunuzi wa vyuma alikuwa ameahidi kurudi jioni.

"Mwalimu, nimeona nije kwako kwanza," alisema.

"Umefanya vizuri, mama. Keti."

Hakuanza kwa bei. Alimuuliza mumewe aliinunua wapi, mwaka gani, mashua yao iliitwaje, ni nani aliyekuwa akipiga pampu. Mama alianza kwa maneno machache, kisha akasimulia kwa kirefu, hata akacheka alipokumbuka usiku ambao upepo uliwarudisha nchi kavu bila omena hata mmoja na karabai ikiwa bado inawaka. Mwalimu aliandika kurasa mbili. Ndipo alipoingia chumbani akatoka na pesa zilizopita zile za mnunuzi wa vyuma.

Lakini hakuinunua ile taa. Aliandika daftarini kwamba karabai hiyo ni ya mama huyo, imewekwa tu, na kwamba atakaporudisha pesa, bila riba na bila haraka, ataichukua. Mama alipoondoka nilimuuliza Mwalimu ni taa ngapi humo ambazo ni zake kweli.

"Labda nusu," alijibu. "Hizo nyingine nazilinda tu."

Kisha akaongeza jambo ambalo halikunitoka akilini njia nzima hadi Nairobi: "Wanangu wananiuliza nitamwachia nani vitu hivi. Mimi nawauliza wao. Hakuna aliyenijibu."

Kama unataka kuanza

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Huhitaji pesa nyingi kuanza mchezo huu, na huhitaji kwenda mbali kuliko nyumbani kwenu ushago. Haya machache yatakusaidia.

Kwanza, soma taa kabla ya kuisugua. Jina la kampuni hugongwa kwenye tangi, kwenye kofia au kwenye kishikio cha utambi. Petromax ni ya Berlin, ya kampuni ya Ehrich & Graetz, na jina lake limetokana na neno petroleum na jina la Max Graetz; namba 500 juu yake ni kipimo cha mwanga, yaani mishumaa 500. Coleman ni ya Wichita, Marekani, na nyingi kati yake zimegongwa mwezi na mwaka chini ya tangi. Majiko mengi ya Primus yana herufi ya mwaka: A ni 1911, na nyingine zinafuatia. Ukisugua kwa msasa utafuta umri wake. Tumia kitambaa na maji ya sabuni.

Pili, andika. Nani aliinunua, wapi, ilimulika nini, ilizimwa lini kwa mara ya mwisho. Andika maneno ya mwenyewe, kwa lugha aliyoisema.

Tatu, lipa kwa haki. Ukijua kwamba kitu kina thamani mjini, usimpe bibi bei ya kilo. Na akisema hakiuzwi, kunywa chai uliyokaribishwa, shukuru, uende zako. Umeshapata maelezo, na hayo ndiyo makubwa.

Nne, usicheze na moto. Taa ya zamani si mwanasesere. Usitie petroli katika chombo cha mafuta ya taa, kwani italipuka. Usiiwashe ndani ya chumba kilichofungwa. Ile ngozi ndogo ya pampu hukauka na mipira huoza, hivyo ikaguliwe na fundi kabla ya kupiga pampu hata mara moja. Vifuko vya karabai vya zamani vilitiwa thoriamu, ambayo hutoa miale yenye madhara, kwa hiyo usivute vumbi lake wala usimruhusu mtoto alichezee. Taa nyingi zinapendeza vya kutosha bila kuwashwa.

Tano, usidharau koroboi. Petromax zimehifadhiwa katika nchi nyingi. Koroboi iliyolehemiwa sokoni Uriri, Rongo au Oyugis, ikitupwa leo, hakuna kiwanda popote kinachoweza kukutengenezea nyingine.

Safari yenyewe

Kutoka Nairobi utapitia Narok, Bomet, Sotik na Kisii, mwendo wa siku nzima ukijumlisha mapumziko. Lala Migori au Awendo, na Uriri utaifikia asubuhi kwa matatu au bodaboda. Ukiwa na watoto, tenga siku ya pili kwa Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2018. Kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila udongo wala saruji, na zimesimama tangu karibu miaka 500 iliyopita kwa sababu kila kizazi kilichokaa hapo kilirudisha jiwe lililoanguka.

Kwa bati hakuna muda mrefu hivyo. Kutu haingoji vizazi, na mnunuzi wa vyuma hupita kila wiki. Wanaojua kwa nini kandili ile imebonyea upande mmoja ni wazee, na wengi wao hawajaulizwa na mtu.

Kwa hiyo wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu chini ya balbu, na wewe mzazi unayemwambia mwanao azime stima isipotee bure, Desemba mtakapokwenda ushago chukueni daftari moja. Baada ya chakula cha jioni muulizeni bibi swali hili tu: mlikuwa mkiwasha nini? Kisha nyamazeni, mwacheni aseme.